Uchaguzi wa Kaunti ya London 1949: viti 64 kwa 64, Labour walibakije madarakani?

Mwanagenzi
Wadau habari za jioni. Nimekuwa nasoma mambo ya serikali za mitaa Uingereza baada ya vita kuu ya pili na kuna sehemu nimekwama kabisa, naomba mwenye kuijua anisaidie. Ni uchaguzi wa Baraza la Kaunti ya London, ile LCC, wa Aprili 1949. Viti vilikuwa 129, chama cha Labour wakapata 64, Wahafidhina 64, na kimoja kikaenda kwa Mliberali, Sir Percy Harris wa kule Bethnal Green. Ngoma droo. Nikawa nategemea kusoma kwamba walirudia uchaguzi, au kwamba huyo mzee Harris ndo akawa mwenye kuamua nani aongoze, lakini ninachokuta ni kwamba Labour waliendelea tu kutawala chini ya kiongozi wao barazani, Isaac Hayward, mpaka 1952 walipokuja kushinda vizuri, 92 kwa 37.

Iliwezekanaje? Na kingine, miaka mitatu tu nyuma, 1946, Labour walikuwa na viti 90 kati ya 124 na Wahafidhina 30. Kutoka 90 mpaka 64, tena kwenye mji walioushika tangu 1934, kiliwakuta nini?

Mzee wa Makabrasha
Mdogo wangu, nimefurahi kuona kuna kijana anayejali haya mambo. Jibu la swali lako la kwanza ni aldamani. Hesabu yako ya 129 ni ya wale waliopigiwa kura na wananchi tu. Baraza zima lilikuwa na watu 150, maana juu ya hao madiwani kulikuwa na aldamani 21, na hawa hawakupita kwa mwananchi, walichaguliwa na madiwani wenyewe. Diwani anakaa miaka mitatu, aldamani anakaa sita, na kila baada ya miaka mitatu nusu yao wanatoka nusu wanabaki. Sasa unganisha. Mwaka 1946 Labour wana madiwani 90 kwahiyo wenye sauti ya kuchagua aldamani ni wao. Ikafika 1949 wananchi wamegeuka, madiwani wamekuwa 64 kwa 64, ila wale wa 1946 bado wamo ndani, muda wao unaisha 1952, na kwenye kikao wananyoosha mkono sawa na diwani mwingine yeyote. Hao ndo waliombeba Hayward.

Na tusiwabebeshe Labour lawama ya kuutunga huo utaratibu. Ulikuwepo tangu sheria ya 1888 iliyounda mabaraza ya kaunti. Tena London walibanwa, aldamani hawakuruhusiwa kuzidi mmoja kwa kila madiwani sita, wakati kaunti nyingine ilikuwa mmoja kwa kila watatu.

Kipanga
Shikamoo mzee. Maelezo nimeyaelewa ila mimi hili linaniuma na nitasema kwanini. Kabla ya 1945 si kila mtu mzima alikuwa na kura ya serikali za mitaa kule. Walikuwa wanapiga wenye nyumba au wapangaji wanaotambulika pamoja na wake au waume zao, basi. Kijana wa miaka 25 anaekaa kwa wazazi wake, hana. Mtu aliepanga chumba chenye samani za mwenye nyumba, hana. Huyohuyo alikuwa anapiga kura ya bunge lakini ya baraza la kaunti haimuhusu. Sheria ya 1945 ndo ikasema daftari la bunge liwe pia daftari la mitaa, yaani kila mwenye miaka 21 aingie.

Kwahiyo uchaguzi wa 1946 ndo wa kwanza wa kaunti kwa watu wengi sana, wengine wametoka vitani juzi, na wakati wa vita chaguzi zenyewe zilisimamishwa. Sasa huyo mtu amepewa haki yake, 1949 anaitumia mara ya pili tu, kura zinatoa sare, halafu kinachoamua ni watu ambao hakuwachagua na hata angetaka asingeweza kuwaondoa siku ile. Mimi siangalii ni chama gani kilifaidika. Ingekuwa Wahafidhina ningesema hivihivi. Mtu ukishamwambia kura yako inahesabika basi ihesabike.

Tausi
Kaka Kipanga nakuelewa, ila ngoja nijibu kwanza swali la pili la Mwanagenzi maana limerukwa na mimi ndo linanivutia zaidi.

Hiyo 90 kwenda 64 ina mambo mawili. La kwanza ni uchovu wa watu. Vita imeisha lakini mgao haujaisha, mkate wenyewe uliingizwa kwenye mgao 1946 vita ikiwa imeshapita na ukatoka 1948, nguo zimetoka kwenye mgao katikati ya Machi 1949 yaani wiki chache tu kabla ya kura, peremende siku ya kupiga kura bado ni za kuponi. Na nyumba ndo usiseme, familia nyingi bado zinabanana kwa ndugu. Serikali kuu ni ya Labour na baraza ni la Labour kwahiyo hasira zote zinaangukia mlango mmoja. Wahafidhina nao walikuwa wamejipanga upya chini ya mwenyekiti wa chama chao, Lord Woolton.

La pili watu wengi hawaliangalii nalo ni ramani. Mwanagenzi mwenyewe umeandika viti 124 mwaka 1946 na 129 mwaka 1949, hukujiuliza vimetoka wapi? Majimbo yalichorwa upya kwa sheria ya 1948. Zamani karibu kila jimbo lilitoa madiwani wawili, sasa majimbo yakawa 43 na kila moja linatoa watatu. East End, yaani London ya mashariki, watu walipungua sana kwa mabomu na kuhama. Chukua Stepney, kabla yake ilikuwa na majimbo matatu, Limehouse, Mile End na Whitechapel, jumla viti sita. Ikafanywa jimbo moja, viti vitatu. Bethnal Green vinne vikawa vitatu. Poplar vinne vikawa vitatu. Hizo ni ngome za Labour, kwahiyo kabla hata mtu hajapiga kura walishapoteza viti kwenye karatasi. Wale Wakomunisti wawili walioshinda Mile End 1946 jimbo lao lenyewe halikuwepo tena.

Na ile kura ya watu watatu ni ya kuitazama kwa karibu. Ukiingia kituoni unapewa karatasi moja yenye majina, mara nyingi sita au zaidi, yamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, pembeni ya kila jina anuani ya mgombea na kazi yake. Jina la chama halipo. Halipo kabisa, mpaka sheria ya 1969 ndo wagombea wakaruhusiwa kuandika chama. Kwahiyo unasimama pale na penseli mkononi, una alama tatu za X za kuweka, na watu wa chama chako wametawanyika kwenye orodha, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja mwisho. Ndo maana wapiga debe walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kugawa vikaratasi vyenye majina matatu ya kukariri. Na kwa sababu kila mtu ana X tatu na wengi wanazipeleka zote kwa chama kimoja, chama kikizidi kidogo tu kwenye jimbo kinaweza kubeba viti vyote vitatu. Kwa mfumo huo chama kinaweza kuporomoka sana hata kama waliohama upande si wengi kivile.

Mzee wa Makabrasha
Marahaba Kipanga. Tausi hapo kwenye ramani umenifundisha, sikuwahi kuihesabu Stepney hivyo.

Kipanga, uchungu wako ni wa haki lakini ongeza na hili. Kwenye sheria hiyohiyo ya mitaa, mtu mwenye duka au ofisi yenye thamani ya pauni 10 kwa mwaka na kuendelea aliweza kujiandikisha kupiga kura pale hata kama halali pale, na hilo lilidumu mpaka 1969. Na nenda kaunti za mashambani uone, viti vingi mgombea alikuwa mmoja tu, anatangazwa kapita, karatasi ya kura haichapwi. Huko aldamani walikuwa wamiliki wa mashamba makubwa na maofisa wastaafu, wanarudishwa miaka na miaka. Udiwani haukuwa na mshahara, mpaka sheria ya 1948 ilipoleta fidia ya nauli na ya kipato unachopoteza ukiwa kikaoni. Kabla ya hapo mtu wa kibarua angeacha kazi mchana kwenda kwenye kamati angekula nini? Ndo hao wasiokuwepo barazani ambao mimi wananiuma kuliko hata wale aldamani.

Mwanagenzi
Shikamoo mzee, asante sana, na dada Tausi asante, hizo X tatu zimenifungulia mengi. Sasa naomba kuuliza, hivi baraza la kaunti lilikuwa na nguvu gani kiasi cha kugombaniwa hivi? Maana naona 1948 hospitali zao zilichukuliwa zikapelekwa NHS, ile huduma ya afya ya taifa.

Tausi
Hospitali zilienda kweli, ila shule zikabaki, na shule peke yake ni mzigo mkubwa. Baada ya sheria ya elimu ya 1944 ni baraza la kaunti linaloamua mtoto wa miaka 11 anaenda sekondari ya aina gani. LCC walikuwa na mpango wa 1947 wa shule za pamoja ambazo hazichuji watoto kwa mtihani, na Kidbrooke ikafunguliwa 1954, shule ya wasichana. Ukumbi wa Royal Festival Hall pale kando ya Thames ni wa LCC, jiwe la msingi liliwekwa na waziri mkuu Attlee Oktoba 1949, miezi sita tu baada ya ile sare, ukafunguliwa Mei 1951. Zimamoto ilirudi kwao 1948. Nyumba za kupanga, bustani, mifereji ya majitaka, vyote vyao.

Na mipango miji ndo usiichukulie poa. Sheria ya 1947 iliipa kaunti mamlaka ya kusema wapi pajengwe na wapi pasijengwe. Angalia Durham, kaunti ya wachimba makaa ambayo mwaka 1919 ilikuwa ya kwanza kuwa na baraza la Labour. Mpango wao wa 1951 uliviweka vijiji 114 kwenye kundi D, maana yake hakuna kuwekeza tena pale, mgodi ukifa na kijiji kiachwe kife. Watu wanaishi pale, bibi zao wamezikwa pale, na anaewaamulia ni diwani wao wenyewe, wa chama chao wenyewe. Fikiria unaenda kumpigia kura mtu huyo.

Kipanga
Hapo kwa Durham nimeishiwa maneno. Ila mzee bado nakudai jibu, ina maana chama kikishaweka aldamani hakiondoki?

Mzee wa Makabrasha
Kinaondoka mwanangu, ukishindwa kwa nafasi ya kutosha. Jirani kabisa na London kulikuwa na kaunti ya Middlesex. Mtu wa Hampstead akivuka tu kuingia Willesden ameshatoka kaunti moja kaingia nyingine, baraza lingine, madiwani wengine, na utaratibu wa aldamani uko hata huko. Labour waliichukua Middlesex 1946 kama walivyotamba London, na ilipofika 1949 wakaipoteza kwa Wahafidhina, hawakuirudisha mpaka 1958.

Mwanagenzi
Basi kesho naanza na hiyo Middlesex. Nataka niweke London na Middlesex za 1949 kwenye karatasi moja nione pengo la madiwani lilikuwa kubwa kiasi gani mpaka aldamani wakashindwa kulifunika. Nikipata nitarudi hapahapa.