Naomba ushauri: kubandika tinti kwenye madirisha ya plastiki ya karavani

Msafiri Pole
Habari zenu wakuu. Nina karavani ndogo ya kuvutwa na gari, niliinunua ikiwa imetumika. Madirisha yake yote ni ya plastiki, yale ya tabaka mbili yanayofunguka kwa kusukumwa nje kutokea chini. Shida yangu ni jua. Ikifika saa nane mchana ndani hakukaliki, na mwanangu wa miezi saba hapati usingizi. Usiku nako, tukiwasha taa, mtu akipita nje anatuona kama tumekaa barazani.

Nimeshanunua roli la tinti nyeusi ya gari, ya kubandika kwa maji ya sabuni. Vioo vya gari langu nilivibandika mwenyewe vikatoka safi. Je, kuna aliyewahi kubandika kwenye plastiki? Nataka kuanza Jumamosi.

Kamba Mbili
Mkuu, Jumamosi usiguse kitu. Hiyo tinti ni ya kioo. Subiri wenye ujuzi waje.

Fundi Vioo
Nimebandika tinti miaka mingi, na kwa madirisha ya plastiki ya karavani huwa namwambia mteja arudi na pesa yake. Naomba nieleze sababu, maana wengi wanadhani mafundi tunaringa.

Madirisha ya namna hiyo mara nyingi ni akriliki, aina ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Akriliki ikipata joto hutanuka takriban mara nane kuliko kioo. Chukua dirisha la mita moja: joto lake likipanda kwa nyuzi 40, linarefuka karibu milimita 3. Kioo cha urefu huohuo hakifikishi hata nusu milimita. Sasa wewe umeligandisha na tinti ya poliesta ambayo haitanuki kiasi hicho. Kila siku jua likiwaka na kuzama, plastiki inavuta huku na tinti inavuta kule.

Halafu tinti nyeusi haifukuzi joto, inalinyonya. Ukiibandika kwa ndani, tabaka la ndani linachemka, na hewa iliyo katikati ya matabaka mawili inazuia joto hilo lisitoke nje. Hapo ndipo dirisha linapojipinda, au linapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui kuanzia kwenye matundu ya skrubu za bawaba.

Kuna na malengelenge. Plastiki hubeba unyevu na gesi ndani yake, hasa aina nyingine iitwayo polikaboneti. Ikipata jua inavipumua, na tinti imeziba njia. Unabandika leo, linang'aa. Wiki ijayo limejaa vipele.

Na zana zetu zenyewe ni adui. Wembe tunaokwangulia uchafu kwenye kioo utaacha mikwaruzo isiyofutika. Dawa ya vioo yenye amonia inapasua akriliki, spiriti vilevile. Akriliki huanza kulainika ikikaribia nyuzi 100, na mashine ya hewa ya moto inavuka hapo ndani ya sekunde chache.

Zipo tinti zilizotengenezwa mahususi kwa plastiki, nyingi za kubandikwa upande wa nje. Ukizipata, hakikisha mtengenezaji ameandika jina la plastiki yako. Angalia pembeni mwa dirisha, mara nyingi kuna mhuri mdogo: PMMA ni akriliki, PC ni polikaboneti.

Nyota ya Asubuhi
Hayo anayoyasema Fundi yalinikuta mimi. Niliyempa kazi alinihakikishia plastiki na kioo ni kitu kimoja. Siku ya tatu, tumekaa tunakunywa chai, tukasikia *ta!* kama mtu amevunja kijiti. Dirisha la juu ya kitanda lilikuwa limepasuka kutoka kona hadi karibu na katikati. Kupata jingine la saizi ile ilinichukua miezi. Iliniuma sana.

Mama Wawili
Dada au kaka, kwa kuwa una mtoto mchanga nitasema kwa herufi kubwa: ZUIA JUA NJE, lisifike dirishani kabisa. Mimi nilikata lile jamvi jepesi la fedha linalowekwa kwenye kioo cha mbele cha gari, nikapima kila dirisha, nikalishika kwa nje kwa vikombe vya kunyonya. Upande wa jua kali natandaza turubai la kivuli, nikiliachia nafasi ya shubiri moja hivi na ubavu wa karavani ili hewa ipite. Tofauti utaisikia ukiweka kiganja kwenye dirisha.

Na lile pazia la kuvuta lililo ndani, mchana wa jua usilifunge hadi mwisho. Acha upenyo, la sivyo joto linanaswa kati yake na plastiki. Mtoto akianza kuwa mwekundu au kulegea, toka naye nje upesi, usisubiri apate usingizi.

Fundi Vioo
Mama Wawili amemaliza. Niongeze la usiku: tinti haitakusitiri ukiwa umewasha taa. Anayeonekana ni aliye kwenye mwanga. Kwa hilo dawa ni pazia tu.

Msafiri Pole
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mhuri unasema PMMA. Nakiri kwamba kabla ya kuandika hapa nilishabandika kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye dirisha dogo la chooni, kujaribu. Leo ni siku ya nne na kina malengelenge kama punje za mchele. Nakitoaje bila kuharibu?

Fundi Vioo
Fanya asubuhi dirisha likiwa na uvuguvugu, si la moto. Inua kona kwa kucha, vuta polepole ukikilaza kipande kirudi juu ya chenyewe, huku msaidizi akinyunyiza maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwenye mstari unaobanduka. Gundi itakayobaki ilowanishe kwa maji hayohayo, funika kwa kitambaa kibichi robo saa, kisha isugue kwa kidole gumba. Asetoni na petroli viache mbali kabisa.

Msafiri Pole
Kimetoka chote, wakuu. Imebaki alama hafifu ya gundi kwenye kona moja. Roli nimelirudisha stoo, sasa hivi nakata jamvi la dirisha la kwanza.