Mrejesho: chatu wangu aliyekuwa anatetemeka

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa kama jike langu la chatu wa Burma linaumwa: kajizungusha kwenye mayai, hali chochote, mwili unamtetemeka kila baada ya muda mfupi. Mlioniambia nimwache, asanteni sana. Haumwi, anaatamia! Ule mtetemo ni misuli inayoyapa mayai joto.

Nilimsogezea maji, nikashikilia joto la boksi kwenye nyuzi 31, sikugeuza yai hata moja. Leo siku ya 61. Asubuhi nimekuta ganda limechanika mstari mwembamba kama wa wembe, pua ndogo ikachungulia, ikarudi ndani. Nimekaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Siwatoi kwa mkono. Watoke wenyewe wakishamaliza kiini.