Clod Buster niliyoinunua mwaka 2011: nilirudishe lori katika hali ya kiwandani au niendelee kulibadilisha?

Mkazi_wa_Nyegezi:

Habari za jioni, wanajamvi. Nina lori la rimoti aina ya Clod Buster la kampuni ya Tamiya ya Japani, ambalo nililinunua mwaka 2011 kwa mtu aliyekuwa akihama Capri Point, hapa Mwanza, na kuuza vyombo vyake vya nyumbani. Kwa wasiolifahamu, toleo hili lilianza kuuzwa mwaka 1987. Lina mota mbili za ukubwa wa 540, moja katika ekseli ya mbele na nyingine katika ekseli ya nyuma. Magurudumu yote manne huvuta, yote manne hukata kona, na matairi yake ni makubwa.

Tangu wakati huo sijaliacha lipumzike. Kidhibiti cha mwendo cha zamani, kile cha kusukumwa na mota ndogo na kupoteza nguvu kwa joto, nilikiondoa mapema nikafunga cha kielektroniki. Rimoti yenye antena ndefu ya masafa ya megahezi 27 niliibadilisha kwa ya gigahezi 2.4. Siku ya kufunga waya upya, mota ya mbele ilivuta mbele na ya nyuma ikavuta nyuma, lori likabaki linatetemeka mahali pamoja huku watoto wa jirani wakicheka. Bodi ya lori, yaani lile ganda la juu la plastiki, ilipopasuka niliishona kwa uzi wa nailoni wa nyavu za sangara, kama mama zetu walivyokuwa wakishona kibuyu, kisha nikaipaka gundi ya mirija miwili kwa ndani; mshono ule bado upo, na kusema kweli ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Baadaye nilianza kulipandisha kwenye mawe ya itale huku Nyegezi na Luchelele. Nilizijaza gundi difu zote mbili, yaani zile gia zinazoruhusu magurudumu ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti, ili gurudumu lililoning'inia hewani lisimalize nguvu yote, nikaweka risasi za nyavu, vile vizito vya kuzamishia nyavu, ndani ya rimu ili lori lisipinduke. Lilipanda mahali ambapo mbuzi husita. Mwezi uliopita, hata hivyo, nyumba ya gia za ekseli ya nyuma ilipasuka, na hii ni mara ya tatu kupasuka mahali palepale.

Fedha niliyo nayo inatosha jambo moja tu. Ama niagize vipuri vya asili na kulirudisha lori lilivyotoka kiwandani, ama ninunue ekseli za chuma pamoja na mota zenye nguvu zaidi. Mwanangu, ambaye sasa ananishinda kuliendesha, anataka la pili. Ninyi mngefanyaje?

Kabati_la_Kioo:

Ndugu yangu, mimi ningelirudisha. Langu, ambalo ni dogo kuliko lako, linakaa ndani ya kabati na hutoka siku za sikukuu. Plastiki ya zamani ikipigwa na jua letu hukauka na kuwa kama ganda la yai, na bodi iliyoshonwa haiwezi kurudi kuwa bodi nzima. Uzuri ni kwamba kiwanda kimewahi kulitoa tena lori hili, kwa hiyo vipuri vingi vya sasa vinaingia kwenye la zamani bila kuchonga chochote. Ukishaweka ekseli za chuma, mota nyingine na chasisi nyingine, utakuwa umebaki na jina tu.

Fundi_Redio_Igogo:

Kabla ya kuchagua kati ya njia mbili, naomba tuulize kwanza kwa nini nyumba ya gia inapasuka mahali pamoja mara tatu. Kitu kinachovunjika mara moja huenda kimechoka, lakini kinachovunjika mara tatu palepale kinabebeshwa mzigo usio wake. Je, zile risasi uliziweka katika magurudumu yote manne kwa uzito sawa?

Mkazi_wa_Nyegezi:

Shikamoo, fundi. Ndiyo, zote sawa, kiasi cha robo kilo kila rimu.

Fundi_Redio_Igogo:

Marahaba. Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo. Lori linapopanda jiwe, uzito wake wenyewe hurudi nyuma, kwa hiyo ekseli ya nyuma tayari imebeba sehemu kubwa, nawe umeiongezea nusu kilo inayozunguka. Difu ikiwa imefungwa kwa gundi, magurudumu mawili ya nyuma hayawezi kuzunguka kwa kasi tofauti wakati wa kukata kona. Kwenye mchanga si neno, kwa sababu tairi huteleza na kusamehe. Kwenye itale kavu tairi haitelezi, na lile la upande wa nje hulazimika kujikokota, kwa hiyo msukosuko wote unarudi kwenye gia na nyumba yake ya plastiki. Ukiongeza mota zenye nguvu zaidi kabla ya kuondoa sababu hiyo, utakuwa umenunua njia ya haraka ya kuvunja kitu kingine. Ukiweka ekseli za chuma, kitakachofuata kuvunjika ni meno ya gia.

Ningekushauri uache risasi za mbele peke yake, kwa kuwa pale zinasaidia pua isiinuke, na uziondoe zote za nyuma. Difu ya mbele iache ilivyo. Difu ya nyuma nunua gia mpya, uifunge bila gundi, pamoja na nusu moja ya nyumba ya gia iliyopasuka. Palipo na bushi za plastiki weka beringi zenye kizibo cha mpira, maana vumbi la itale ni kali kama msasa na likiingia kwenye grisi hugeuka kuwa dawa ya kusaga. Kwa sababu hiyohiyo, usipake grisi sehemu zilizo wazi. Bodi usiiguse.

Kabati_la_Kioo:

Siwezi kubishana na hesabu hiyo, ingawa bado naona uchungu kuhusu bodi.

Mkazi_wa_Nyegezi:

Nimekuelewa, fundi. Naomba jambo moja zaidi. Nilihamisha usukani, badala ya sevo (mota ndogo inayogeuza magurudumu) moja katikati yenye vyuma virefu vilivyolegea, nikaweka sevo moja juu ya kila ekseli. Zinapobanwa na jiwe kwa pamoja, lori huzimika kwa sekunde moja kisha linarudi. Je, ni rimoti?

Fundi_Redio_Igogo:

Rimoti haina kosa. Sevo mbili zilizobanwa huvuta umeme mwingi kutoka kwenye kidhibiti cha mwendo, volti hushuka, na kipokezi, kile kinachopokea mawimbi ya rimoti ndani ya lori, hujizima na kuwaka upya. Weka kipunguza volti cha pekee kinachochukua umeme moja kwa moja kwenye betri kwa ajili ya sevo tu, na uunganishe waya hasi zote pamoja. Kama unatumia betri ya lithiamu ya seli mbili, hakikisha kidhibiti kinakata umeme kabla seli haijashuka chini ya volti 3, na usiichaji usiku ukiwa umelala.

Mkazi_wa_Nyegezi:

Natoa taarifa baada ya wiki tano. Vipuri vilikuja na basi kutoka Dar es Salaam, na fedha iliyobaki ikanunua beringi. Jumapili tulikwenda Luchelele tangu saa tisa hadi jua lilipozama ziwani, na nyumba ya gia ni nzima. Kwenye jiwe moja lori limeshindwa kupanda mahali ambapo zamani lilipanda, kwa sababu gurudumu la nyuma sasa huzunguka hewani, na mwanangu amenikumbusha jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Uzi wa sangara umeshika.