Meno ya kahawia na majipu ya fizi: ni maji ya Arusha au ni ugonjwa wa kurithi?

Mama wa Usa River:
Naomba msaada wa wenye ujuzi. Mwanangu ana miaka 6. Meno yake ya utotoni yaliota madogo, yameachana, na rangi yake ni ya njano inayoelekea kahawia. Amepata jipu la fizi mara 3, ingawa meno hayo hayana tundu lolote linaloonekana. Kila tunapokwenda kutibiwa tunaambiwa kwamba ni floraidi ya maji ya huku, lakini dada yake aliyekunywa maji yaleyale ana madoa machache tu. Safari iliyopita daktari alitaja ugonjwa wa kurithi unaogusa meno, nywele na mifupa. Mbona nywele za mtoto ni za kawaida?

Daktari wa meno, Dar es Salaam:
Dada, hapo kwenye nywele ndipo wengi wetu tunapopotea. Ugonjwa aliouwaza mwenzangu huitwa sindromu ya triko-dento-osea, na vitabu huanza na dalili ya nywele za kujisokota tangu kuzaliwa, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayojulikana juu yake yalipatikana kwa familia za jimbo la North Carolina, Marekani, ambako mtoto wa namna hiyo hutofautiana waziwazi na wenzake. Kwetu sisi, ambako watoto wengi wana nywele za kujisokota, dalili hiyo haituambii kitu.

Kwa hiyo tazameni magego katika eksirei. Katika ugonjwa huu chumba cha kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu, huwa kirefu kuelekea chini na mizizi huwa mifupi, na floraidi haibadilishi umbo hilo. Enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, nayo ni nyembamba, husagika upesi, hivyo vijidudu hufika kwenye kiini bila tundu kuonekana; nadhani ndiyo asili ya majipu hayo. Tena floraidi kwa kawaida huharibu zaidi meno ya kudumu kuliko ya utotoni.

Mtaalamu wa eksirei:
Naongeza tahadhari moja. Mifupa ya fuvu kuwa minene na myeupe kupita kawaida ni dalili ya ugonjwa huu, na mara nyingi haimuumizi mtu, lakini floraidi nyingi ya miaka mingi nayo huongeza uzito wa mifupa. Kwa mtu mzima wa ukanda wa Meru, huko Arusha, picha ya fuvu peke yake isikate shauri.

Mama wa Usa River:
Ahsanteni. Baba yake amekulia Songea, na aling'olewa magego karibu yote kabla ya miaka 20. Tulidhani ni uzembe wa kupiga mswaki.

Daktari wa meno, Dar es Salaam:
Hilo lina uzito kuliko yote niliyoandika, maana maji ya Songea hayajulikani kwa floraidi kama ya Meru. Mzazi mmoja mwenye jeni hii yenye hitilafu anatosha, na kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Jeni yenyewe, DLX3 iliyo kwenye kromosomu ya 17, ilitambuliwa mwaka 1998, na kipimo cha damu au mate kinaweza kuthibitisha. Mpeleke baba naye apigwe picha ya taya, na msisubiri majibu ya jeni kabla ya kuyavalisha magego ya mtoto kofia za chuma.