Modeli inasema milimita 38, kipimamvua kinasema 112: nipime kalavati kwa ipi?

FundiKalavati:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tukuyu, kazi yangu barabara za vijijini. Kuna kalavati la bomba la sentimita 90 kwenye kijito kimoja njia ya mashamba ya chai. Msimu huu migomba imeliziba mara mbili, maji yakapita juu na kula tuta upande wa chini. Bosi anataka jipya "litakalohimili mabadiliko ya tabianchi". Haya. Nikapakua data za CORDEX (mradi wa kimataifa wa modeli za tabianchi za kikanda), modeli yenye gridi ya kilomita 50, nikachukua mraba unaoangukia Tukuyu. Miaka 30 yote, siku ya mvua kubwa kuliko zote ni milimita 38! Kipimamvua cha shamba la jirani kiliwahi kuandika 112 kwa siku moja. Halafu modeli hiyohiyo Desemba hadi Aprili inanyesha karibu kila siku, vimilimita viwili vitatu. Nimekosea kupakua, au hizi modeli Tukuyu haziijui?

BintiUsangu:
Hujakosea, kaka. Mraba wako una kilomita za mraba 2,500. Wingu moja la radi likimwaga milimita 100 kwenye kilomita za mraba 25, kwingine kukawa kukavu, wastani wa mraba ni milimita 1. Kipimamvua chako ni ndoo ndogo sehemu moja, kwa hiyo tayari unalinganisha vitu viwili tofauti.

Lakini usiisamehe yote. Kwa gridi hiyo modeli haiwezi kuliona wingu la radi likipanda, inalikisia kwa fomula. Fomula hizo zina tabia inayojulikana: zinaiachia mvua mapema na kidogokidogo, ndiyo hivyo vimilimita vyako vya kila siku. Mara nyingi zinaileta karibu na adhuhuri.

Na milima imelazwa. Mlima Rungwe una mita 2,960, Ziwa Nyasa liko kwenye 474, na kati yao ni kama kilomita 50 tu. Yaani ngazi nzima ya Rungwe hadi Kyela inaingia kwenye mraba mmoja au miwili, na upepo wa ziwani haupati mahali pa kugonga. Sisi wa Usangu tulio kwenye kivuli cha mvua tunachanganywa na ninyi mnaoloa mwaka mzima. (Kwa mpunga wetu ingekuwa neema.)

MzeeWaIsongole:
Adhuhuri? Huku ukungu unafunga mlima kwanza, mvua yenyewe saa nane, saa tisa. Mimi napalilia viazi hadi saa saba bila wasiwasi.

FundiKalavati:
Shikamoo mzee. Dada, kwa hiyo nikichukua gridi ndogo zaidi nimepona?

BintiUsangu:
Nusu. CORDEX wana za kilomita 25 pia, milima inaanza kuonekana ila wingu bado ni la kukisia. Ipo CP4-Africa ya Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza, kilomita 4.5 bara zima. Hiyo inaliacha wingu lipande lenyewe, saa za mvua zinakaribia alizosema mzee, na kwa siku zijazo ilionyesha mvua kali za muda mfupi zikiongezeka kuliko ilivyoonyesha pacha wake wa gridi pana. Ila ni modeli moja, miaka 10 ya sasa na 10 ya mwisho wa karne. Mvua ya mara moja kwa miaka 50 utaitoaje humo? Na usikimbilie CHIRPS ukaifanya hakimu: ni satelaiti iliyochanganywa na vipimamvua, vilele inavipunguza.

Mimi ningefanya hivi: ukubwa wa mvua ya leo uutoe kwenye vipimamvua, vya Mamlaka ya Hali ya Hewa na vya mashamba. Modeli uziulize uwiano tu, siku zijazo gawa kwa sasa, uzidishe mvua ya leo kwa uwiano huo, na uziulize nyingi. Zikitofautiana sana, bomba lifuate zile za juu. Kijito chako kifupi kinajaa kwa mvua ya saa moja, na hapo ndipo modeli za gridi pana ni dhaifu kuliko kote. Jumla ya siku tano zinaiweza vizuri kidogo.

MzeeWaIsongole:
Siku tano zina kazi yake. Kawetere kule Itezi, Mbeya mjini, Aprili 2024, mlima uliporomoka ardhi ikiwa imeshiba mvua za siku nyingi. Na kijana, hata bomba la mita mbili litaziba mkiacha watu wapande migomba ndani ya korongo.

FundiKalavati:
Hilo la migomba nalijua, mzee, ila nani ataanza kuikata! Una kipimamvua nyumbani?

MzeeWaIsongole:
Ninacho, nasoma kila siku saa tatu asubuhi. Madaftari tangu 1991. Machi 1998 panya walitafuna. Njoo Jumamosi, Jumapili nipo kanisani.

FundiKalavati:
Ndaga fijo. Nakuja na simu nipige picha kurasa zote.