Tupeane uzoefu: Kiingereza cha "nilikutana naye" kilikuponza wapi?

Wakuu, habari za jioni. Naanza na langu.

Mwaka 2018 nilikuwa intavyuu ya viza, ubalozi mmoja hapa Dar, namfuata mke wangu. Mama wa dirishani akaniuliza tulijuana lini. Kichwani nina "nilimjua 2014", mdomoni ikatoka "I knew her in 2014". Akanyanyua macho kwenye makaratasi: "And now?" Nikadhani ananiulizia hali yake, nikajibu "Now she is fine". Alicheka mpaka akavua miwani.

Viza nilipata. Mke wangu ndiye aliyekuja kunifafanulia: hiyo "knew" ikikaa peke yake, msikilizaji anahisi ujuano umekwisha, au mtu amefariki. Nilitakiwa kusema "I met her in 2014", au "I've known her since 2014". "Kujua" kwetu kunabeba vyote, siku mliyojuana na miaka yote iliyofuata.

Haya, mwageni yenu.

*Dereva wa watalii, Arusha:*
Mkuu, mbavu zangu! Mimi nilitumwa kuchukua mgeni lodge, nikamkuta hayupo. Nikampigia bosi, Mwingereza: "I met him absent." Kimya. Kisha akaniuliza, mgeni amelewa? Kumbe kukuta na kukutana wenzetu wana maneno mawili. Ukimkuta mtu kalala ni "I found him asleep". Hayupo? "He wasn't there", yameisha.

*Dada wa Mombasa, sasa Uingereza:*
Nalea wazee huku. Siku moja wakati wa chai nikawaambia wenzangu, "I was seeing Doctor fulani for two years", nikataja na jina. Mimi nasemea presha yangu! Vikombe vilisimama hewani. "Seeing" ya hivyo, na jina la mtu, wao wanaelewa mlikuwa wapenzi. Ningesema "he was my doctor" nikanywa chai yangu kwa amani.

*Mwalimu wa sekondari:*
Ninayoisahihisha kila mwaka ni "I have met him yesterday". Msiwalaumu watoto, "nimeonana naye jana" kwa Kiswahili tunaisikia sana. Ila "have" ya Kiingereza haikai na jana, wiki iliyopita wala 2014. Ukitaja siku, sema "I met him". Usipoitaja, "I've met him" inatosha. Pacha wake ni "I have ever met him", kutoka "nimewahi". Hiyo "ever" iacheni kwenye swali, "Have you ever met him?" Kwenye kujibu ndiyo, itoeni.

*Dereva wa watalii, Arusha:*
Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo yule mgeni wangu, nilipofika alikuwa ameshaondoka, ni "When I arrived, he had left"?

*Mwalimu wa sekondari:*
Marahaba. Ndiyo hiyo, lililotangulia ndilo linabeba "had". Alikuwa ameenda wapi lakini?

*Dereva wa watalii, Arusha:*
Uwanja wa ndege, mwalimu. Na teksi ya mtu mwingine.