Mrejesho: Heda nimezipaka seramiki

Wakuu, niliuliza hapa kama heda zangu (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) za chuma cha kawaida nizipake seramiki (rangi inayozuia joto), nizifunge utepe wa kuzuia joto, au niziache zilivyo. Nimepaka, ndani na nje.

Utepe niliuacha baada ya mmoja wenu kunikumbusha kuwa unashika unyevu na chuma kinaliwa na kutu chini yake bila wewe kuona. Ushauri ulioniokoa zaidi ni ule wa kuzijaribisha kwanza kwenye gari. Kweli, bomba moja lilikuwa linagusa mhimili wa usukani! Tukalirekebisha kwa gurainda, ndipo heda zikasafishwa kwa kupigwa mchanga, zikapuliziwa na kuokwa kwenye tanuri. Ningepaka kwanza, gurainda ingeharibu kila kitu.

Nguvu ya injini sijaona tofauti, na sikuitegemea. Joto ndilo limepungua: awali nikisimama foleni boneti ilikuwa haishikiki, na maganda ya waya za plagi yalikauka mpaka yakapasuka. Sasa waya mpya ziko salama. Gharama iliniuma, sifichi. Ila zingekuwa za chuma kisichoshika kutu, pengine nisingejisumbua.